Saratani ya mapafu iliyosambaa: maswali ya nyumbani kuhusu nguvu, pumzi na miguu

Maswali haya nimeyaokota majumbani mkoani Tabora: Isevya, Ng'ambo, Ipuli na vijiji vya Uyui na Sikonge, ninakopita kufanyisha wagonjwa mazoezi. Kazi yangu ni fiziotherapia. Wengi huniita dokta wa mazoezi, nami nimeshazoea. Wagonjwa ninaowazungumzia ni wale ambao saratani, au kansa kama tunavyosema mtaani, imeanzia kwenye mapafu ikavuka kwenda kwingine: mifupa, ini, ubongo au utando unaozunguka pafu. Madaktari huiita hatua ya nne.

Mgonjwa si apumzike tu? Kwa nini unamsumbua?

Hili huulizwa karibu kila nyumba, na muulizaji huwa amekunja uso. Namwelewa. Kwetu mgonjwa hafanyi kazi. Mzee akiinuka kufuata maji ya kunawa, watu watatu wanaruka: "Kaa, Baba, kaa!" Wakwe wakija wakamkuta mama mgonjwa anachambua mchele, ni aibu ya nyumba nzima. Basi analetewa uji kitandani, anaogeshwa kitandani, wajukuu wanambeba kwenda uani. Baada ya wiki tatu napigiwa simu: "Ugonjwa umemshika miguu."

Wakati mwingine ni ugonjwa kweli. Mara nyingi kitanda nacho kina mkono wake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na homa wala jeraha. Kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima, wanakula vizuri. Mtu ambaye saratani tayari inamla nyama ya mwili, siku 10 za namna hiyo zinamgharimu zaidi, na kuirudisha misuli ni kazi kubwa kuliko kuilinda.

Kupumzika anapumzika, na atapumzika sana. Ninachogombana nacho ni ule upendo wa kumfanyia kila kitu. Kama anaweza kujilisha, ajilishe hata akimwaga. Kama anaweza kwenda uani kwa kushika ukuta, aende kwa kushika ukuta, na wewe utembee nyuma yake hatua moja bila kumgusa. Kitu kimoja alichokifanya mwenyewe leo ndicho atakachoweza kukifanya kesho.

Kwa nini daktari wa saratani alimuuliza baba kama anaoga mwenyewe? Tulienda kwa ajili ya dawa.

Swali hilo ni kipimo, na lina uzito kama picha ya kifua. Kuna ngazi inayoitwa ECOG, iliyochapishwa mwaka 1982, ambayo madaktari wa saratani duniani kote wanaitumia. Sifuri ni mtu anayefanya kila alichokuwa akifanya zamani. Moja, kazi nzito zimemshinda lakini nyepesi anaziweza. Mbili, anajihudumia na yuko wima zaidi ya nusu ya saa zake za kuwa macho, ila kazi hawezi. Tatu, anajihudumia kwa shida, na zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani au kitini. Nne, hajiwezi kabisa.

Kwa kawaida dripu za kemo, zile dawa kali za kuua saratani, hupewa walio sifuri hadi mbili. Akifika tatu au nne, mara nyingi dawa zile humuumiza kuliko kumsaidia, na daktari husita. Wapo wachache ambao uvimbe wao una mabadiliko fulani ya vinasaba yanayoruhusu vidonge maalumu hata wakiwa dhaifu, lakini hao hujulikana kwa kipimo. Kwa hiyo miguu ya baba inaamua mengi kabla duka la dawa halijaamua.

Msimdanganye daktari kwa upande wowote. Nimeona familia zinasema "anajiweza" ili apewe dawa, na nyingine zinalia kupita kiasi ili aonewe huruma. Siku tatu kabla ya kliniki, andikeni tu: ameamka saa ngapi, amekaa nje muda gani, amelala mchana mara ngapi, ameoga na nani. Karatasi hiyo daktari ataisoma.

Kansa iko kifuani. Mbona inamaliza miguu?

Uvimbe huchochea mwili mzima kuungua taratibu, kama mtu mwenye homa ndogo isiyoisha. Mwili unaanza kula misuli yake wenyewe hata chakula kikiwepo. Ongeza upungufu wa damu, pumzi fupi, maumivu yanayokatisha usingizi, na woga wa kutembea kwa sababu akitembea anahema. Halafu kuna jambo ambalo familia hazijui: deksamethasoni, dawa nzuri inayotolewa kupunguza kuvimba kwa ubongo au kichefuchefu, ikitumika kwa wiki nyingi hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga. Dalili yake ni mtu anayetembea vizuri akishainuka, lakini kuinuka kwenye kigoda kumemshinda. Mkiiona, mwambieni daktari. Msiikatishe wenyewe, kwa maana kuiacha ghafla ni hatari.

Mazoezi yataponya?

Hapana. Anayewaambia hivyo anawauzia kitu.

Mwaka 2019 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 6 ya mazoezi kwa watu wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusonga mbele, washiriki 221 kwa jumla. Waliofanya mazoezi waliwazidi wenzao kwa takriban mita 63 katika kipimo cha kutembea dakika sita, na hali yao ya maisha ilikuwa bora kidogo. Idadi ya washiriki ni ndogo, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba waliishi muda mrefu zaidi. Mita 63 ukiziandika zinaonekana kidogo. Zipime kwa hatua nje ya nyumba yako: ni kwenda uani na kurudi bila kuitwa mtu, au kufika kwa jirani wa pili kumpa pole.

Basi tufanye mazoezi gani? Hatuna mashine.

Kiti. Kama ningepewa zoezi moja tu mkoa mzima wa Tabora, ningechukua kusimama na kukaa.

Tafuta kiti cha mbao, si cha plastiki kinachoteleza, ukiegemeze ukutani. Mgonjwa akae mbele kidogo, nyayo zote chini, zirudi nyuma ya magoti. Ainame mbele kama anayetaka kuona kitu sakafuni, asimame, avute pumzi, akae polepole. Ile "polepole" ndiyo zoezi lenyewe. Akijibwaga amepoteza nusu ya faida. Pumzi aitoe wakati wa kusimama. Asiibane. Aanze na mara tatu, apumzike, tatu tena. Asubuhi na jioni. Baada ya siku kadhaa ongeza moja. Akishindwa bila kushika, ashike mapaja yake au meza. Kama kiti ni kifupi mno, weka blanketi lililokunjwa juu yake.

La pili, kunyanyua visigino akiwa ameshika kichwa cha kitanda, mara nane hadi kumi. La tatu ni mikono: chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, inatosha kabisa kuinuliwa kutoka pajani hadi begani. La nne ni kutembea. Hapa kwetu miembe haikosekani, basi nawapa mwembe kuwa alama. Leo afike kwenye mwembe wa kwanza akae, apumzike, arudi. Kiti kiwe kimeshawekwa pale kabla hajaondoka, maana kujua kwamba kuna pa kukaa kunampa nusu ya nguvu ya kwenda.

Kipimo cha ukali ni mdomo wake. Akitembea huku anaweza kusema sentensi nzima lakini kuimba hawezi, yuko pazuri. Akisema neno moja moja, amezidisha. Akiimba, mwongeze.

Kama anatumia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, mazoezi yafuate dozi kwa nusu saa hadi saa moja, dawa ikiwa imeshika. Septemba na Oktoba fanyeni asubuhi mapema, kabla jua na vumbi havijapanda. Wiki ya kemo, punguzeni hadi nusu au robo bila kujilaumu, lakini msifute. Hata mara mbili za kiti zinahesabiwa.

Akibanwa pumzi sisi tunachanganyikiwa. Tufanye nini dakika ile?

Kwanza, watu watoke chumbani. Najua mmejaa humo kwa upendo, ila watu kumi wamesimama juu ya mtu anayetweta wanamwongezea hofu, na hofu inakula pumzi. Abaki mmoja mwenye sauti ya chini.

Mkalishe ainame mbele, viwiko juu ya magoti, au juu ya mto uliowekwa mezani. Mabega yalegee. Akiwa amesimama njiani, aegemee ukuta. Kisha avute hewa kwa pua taratibu akihesabu mbili, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anapoza uji wa moto, akihesabu nne. Msimpigie kelele "pumua, pumua!" Keti mbele yake, upoze uji na wewe. Atakufuata.

Halafu chukua kipepeo, hiki hiki cha ukindu tunachopepelea jiko, ila kiwe kipya kisicho na majivu, umpepee usoni, mashavuni na puani. Inaonekana kama kitu cha kubembelezea mtoto, lakini imepimwa na inafanya kazi: hewa inayogonga uso huamsha neva zinazouambia ubongo kwamba hewa ipo. Feni ndogo ya betri nayo yafaa, mradi apepewe uso.

Jiko la mkaa na kuni lihame mbali na dirisha lake. Ubani na udi pia, samahani kwa wanaoupenda. Usiku alale ameinuliwa kwa mito mitatu au godoro lililopachikwa matofali kichwani.

Mkiona pumzi imebadilika ndani ya siku chache tu, mpelekeni hospitali. Maji yakijaa kuzunguka pafu yanaweza kutolewa kwa sindano, na mtu aliyeshindwa kusema akarudi kuzungumza siku ile ile. Yapo mengine ya kutibika pia: nimonia, damu kuganda, upungufu wa damu. Usiseme "ndiyo kansa hiyo" kabla daktari hajaangalia.

Tununue mtungi wa oksijeni?

Inategemea kipimo cha kidoleni. Oksijeni ya damu ikiwa chini, atafaidika. Ikiwa haiko chini, pengine mnanunua hewa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza waliokuwa wakihema lakini oksijeni yao haikuwa imeshuka sana. Nusu walipumua oksijeni, nusu hewa ya kawaida kupitia mpira ule ule. Nafuu ilikuwa sawa. Familia nyingine huuza ng'ombe kwa ajili ya mtungi. Pimeni kwanza.

Wamempa mofini. Ina maana ndiyo mwisho?

Ina maana ana maumivu au anabanwa pumzi. Watu wanaitumia miezi na miezi huku wanakwenda msikitini, kanisani, sokoni. Kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu na mtaalamu haifupishi maisha, na kwa kazi yangu mimi ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu mtu anayeumia hanyanyuki kitini hata umwimbie.

Itamfunga choo, hilo ni karibu hakika, kwa hiyo aanze dawa ya kulainisha choo siku ile ile. Papai na maji vinasaidia, lakini peke yake havitoshi. Siku za mwanzo atasinzia. Chupa ikae mbali na watoto.

Analala usiku kucha na bado anaamka amechoka. Ni uvivu?

Si uvivu. Uchovu wa saratani hauondoki kwa usingizi, na ndiyo maana ushauri wa "lala zaidi" unamrudisha nyuma. Kinachosaidia ni vitu viwili vinavyoonekana kupingana: kujongea kidogo kila siku, na kugawa nguvu kwa mpango.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani hawakuutafuna mwendo wote kwa mkupuo. Walikwenda kwa vituo, wakatua mzigo kabla mabega hayajakataa. Mgonjwa naye atue mzigo kabla hajachoka. Akishachoka amechelewa, na atalipa siku mbili. Kama kuoga kunammaliza, basi kuoga na kutembea visikutane asubuhi moja. Aoge ameketi kwenye kigoda, nguo zikiwa karibu. Wageni waje kwa zamu, dakika ishirini zinatosha. Hapa inahitajika sauti ya mtu mzima wa nyumba kuwaambia watu wazi, kwa sababu mgonjwa hatawafukuza wageni wake, atawapokea hadi aishe.

Na muulizeni kitu kimoja cha siku anachotaka nguvu zake ziende huko. Mama mmoja alichagua kumsuka mjukuu wake nywele kila Jumamosi. Basi Jumamosi hatukufanya zoezi la mikono. Lilikuwa limeshafanyika.

Hataki kula. Tumlazimishe?

Msimlazimishe. Huu ndio ugomvi mkubwa wa majumbani, sahani ya ugali na mlenda mbele ya mtu aliyefunga mdomo, na mke anayelia kwamba hatakiwi tena. Kukonda kwa saratani si njaa ya kawaida: mtu akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kutaka, mfumo wa mwili wenyewe umebadilika, na chakula peke yake hakiwezi kumrudisha alivyokuwa. Kikubwa ni kila kijiko kiwe na uzito. Uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, maziwa na asali, ambayo Tabora kuikosa ni kujitakia. Yai. Mtindi. Dagaa waliosagwa wakawa unga na kunyunyizwa kwenye mchuzi. Matobolwa laini, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai ya maziwa kama mdomo hauna vidonda. Kidogo kidogo mara sita, kwenye kibakuli, kwa sababu sahani iliyojaa inamshinda kwa kuiangalia tu.

Mwangalieni mdomo. Utando mweupe ulimini ni fangasi, una dawa, na ukiondoka hamu hurudi kidogo. Sukari haimwongezei kansa kasi kwa namna mnayoambiwa kwenye simu. Kumnyima chai yenye sukari mtu wa kilo arobaini ni kumwonea.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Ni vyoo vingi vya hapa, na ndiko watu wanakoangukia. Fundi seremala atawatengenezea kiti chenye tundu kwa siku moja. Kinawekwa juu ya shimo mchana, na juu ya ndoo chumbani usiku. Msumari mrefu na kamba imara ukutani vimsaidie kujivuta. Njia ya uani ifagiliwe mawe, taa ibaki inawaka. Kitanda kikiwa kifupi, kiinueni kwa matofali hadi magoti yake yawe chini kidogo ya nyonga akikaa.

Ni wakati gani tusimame, tusifanye zoezi lolote?

Homa. Kizunguzungu. Kutapika mfululizo. Maumivu ya kifua. Makohozi yenye damu nyingi kuliko mistari aliyozoea. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Uso na shingo kuvimba na mishipa ya kifua kujitokeza. Degedege, au kuchanganyikiwa ghafla. Hayo yote ni ya hospitali, na homa baada ya kemo ni ya hospitali usiku huo huo.

Moja nalitenga peke yake. Maumivu mapya ya mgongo, hasa yanayozidi akilala au akikohoa, pamoja na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kukojoa. Hapo huenda saratani inabana uti wa mgongo. Saa zinahesabika: anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea, anayefika ameshapooza mara chache huinuka tena. Mwanzoni mwa kazi yangu mzee mmoja aliniambia "mgongo unawaka" nikamjibu ni misuli ya kulala. Nilimhesabia kiti mara nane. Siku ya tatu hakusimama. Tangu hapo neno mgongo likitajwa, mazoezi yangu yanaishia hapo hadi daktari amwone.

Alitumia dawa za TB miezi sita kwanza. Tulichelewa kwa kosa letu?

Kukohoa, kukonda, jasho la usiku: dalili zinafanana mno, na TB kwetu ni nyingi, kwa hiyo kuitafuta kwanza ni sahihi. Tatizo huja makohozi yanapopimwa yakakosa vijidudu, dawa zikaendelea na mtu haongezeki hata kilo. Hapo ndipo pa kudai kipimo cha CT, picha ya kina ya kifua, na kuchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Nawaambia kwa ajili ya jirani yenu, yenu yamepita.

Inaambukiza? Tumemtengea kikombe.

Haiambukizi. Mrudishieni kikombe chake, mle naye.

Baba hakuwahi kuvuta. Alilima tumbaku tu, miaka thelathini.

Sigara ndiyo sababu kuu ya saratani hii duniani, lakini si ya wagonjwa wote. Kuhusu moshi wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, mfano wa karibu ni moshi wa kuni wa majumbani, ambao Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka kwenye kundi la 2A, yaani vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Kwa baba yako mmoja, hakuna atakayejua kwa uhakika. Naomba msifanye kesi. Wagonjwa waliovuta hukaa kitandani na aibu pamoja na ugonjwa, na aibu nayo inawazuia kutoka nje. Anayevuta hadi leo akiacha, atapumua vizuri zaidi hata sasa.

Tumepewa rufaa ya mionzi. Ataiweza safari?

Kwa mionzi wengi wetu huenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka ulizeni swali moja linaloweza kuwaokolea nauli na malazi: kama mionzi ni ya kutuliza mfupa unaouma, dozi moja haitoshi? Kwa maumivu ya mfupa ambao haujavunjika, dozi moja hutuliza karibu sawa na nyingi.

Ndani ya basi akae kiti cha njia, anyanyue visigino kila nusu saa, ashuke kila linaposimama. Treni ni ndefu lakini inampa nafasi ya kulala na kutembea. Mofini ibebwe mkononi pamoja na barua ya hospitali, si kwenye begi la juu. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali mwoneni kabla, si baada, kama gharama zimewazidi.

Mama anajikaza sana, halalamiki. Ni dalili nzuri?

Natofautisha kujikaza na kustahimili. Anayejikaza anaficha. Anasema "sijambo" huku ameshikilia shuka, haombi dawa, hatembei kwa sababu kutembea kutamfichua. Wanaume wa kizazi cha baba zetu ni mabingwa wa hili. Anayestahimili anasema "leo naumwa saba kwa kumi, nipe dawa, halafu twende kwenye mwembe." Wa pili ndiye anayedumu wima.

Ustahimilivu nauona ukitoka sehemu mbili. Kwanza kujua. Familia nyingi zinamficha mgonjwa jina la ugonjwa, wakati yeye keshajua siku nyingi na anawaficha ninyi kwamba anajua. Mtu asiyeambiwa hawezi kupanga wiki yake. Muulizeni angependa kuambiwa kiasi gani, na ajibu yeye. Pili kuwa na cheo. Mzee aliyekuwa akisuluhisha kesi za ukoo aendelee kuletewa kesi. Bibi achambue karanga, hata kama kilo moja inachukua siku nzima. Dua na maombi nimeona yakiwainua watu kitandani kwa miguu yao, na mchungaji au imamu akikubali kukutana na mgonjwa nje chini ya mti badala ya chumbani, amenifanyia kazi yangu.

Akiwa halali, hataki watu, anasema afadhali nife, wiki mbili mfululizo, huo ni ugonjwa wa huzuni nzito, yaani sonona, na una tiba yake. Usiseme amekata tamaa ukaishia hapo.

Tiba shufaa tuanze lini?

Tiba shufaa ni huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine. Ianze siku ile ile ya majibu. Mwaka 2010 huko Boston wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopewa tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha na huzuni pungufu, na nusu yao wakaishi zaidi ya miezi 11.6, wakati kwa kundi la pili ilikuwa 8.9. Si huduma ya kungojea kufa.

Hataki tena kuinuka. Tuendelee kumhimiza?

Tafuteni sababu kwanza: maumivu, choo kilichofunga, upungufu wa damu, homa, huzuni. Zikishatazamwa zote na bado mwili unakataa, analala sehemu kubwa ya siku, anakunywa vijiko tu, basi kiti kirudi jikoni. Kazi yetu inabadilika: kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto kati ya magoti, kulowesha midomo kwa kitambaa, kumnyoosha vidole na viwiko taratibu visikaze. Akitaka kuwa nje, watu wanne na shuka imara wanatosha kumtoa.

Na mimi ninayemuuguza? Mgongo umekwisha.

Unamvuta kwapani, sivyo? Acha leo. Unaumiza bega lake na kiuno chako. Kunja kanga mara nne kwa urefu, mzungushie kiunoni, simama mbele yake magoti yako yakizuia ya kwake, shika kanga pande zote mbili, hesabuni pamoja "moja, mbili, tatu," yeye ainame mbele, wewe urudi nyuma. Asukume anavyoweza. Usimnyanyue, msindikize.

Na usiku wa leo mpigie kaka yako wa Nzega umwambie zamu yake inaanza Ijumaa.